Ndiyo ya Mjomba

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelitumia. Darasani walimwita Pingamizi, na likamkaa. Alikuwa mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, mwembamba, mwepesi wa ulimi, na mkono wake ulikuwa juu kabla mhadhiri hajamaliza sentensi. Wapo wanaopinga ili waonekane. Yeye alipinga kwa sababu jambo likimkera lilimkera kweli, na akijilazimisha kunyamaza kichwa kilimuuma mpaka jioni.

Siku mambo yalipokwenda mrama, Pingamizi alikuwa ndani ya chumba cha mtihani akijibu swali la sheria ya mikataba: ni nani anayeweza kukubali ofa, na akubali vipi. Simu zilikuwa zimekusanywa kwenye kikapu mlangoni. Alipotoka na kuichukua yake, aliikuta imejaa pongezi. Wenzake wawili walikuwa wamemwandikia "hongera, bosi". Mjomba wake alikuwa amepiga mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kupiga. Akampigia.

"Mpwa wangu! Mambo yameiva!"

"Mambo gani, Mjomba?"

"Wale mawakili wa ghorofani. Wamekutafuta hupatikani, wakanipigia mimi. Nikawaambia umekubali. Tena nimewashukuru vizuri, wasione tumelelewa porini."

Pingamizi alisimama pale pale kwenye ngazi, watu wakampita kushoto na kulia. Namba ya Mjomba alikuwa ameiandika yeye mwenyewe kwenye maombi, pale palipoulizwa mtu wa karibu. Hakujua kwamba mtu wa karibu angekaribia kiasi hicho.

Ili tusimwonee Mjomba, inafaa kujua alikuwa mtu wa biashara gani. Aliuza marumaru na masinki nyuma ya soko, na barabara ile ilikuwa na maduka mengine ya marumaru na masinki kila upande. Mteja akisema "ngoja nifikirie", alivuka barabara na hakurudi. Kwa hiyo Mjomba alikuwa amejifunza kumaliza neno kabla halijapoa. Ukimuuliza kama anayo rangi ya kijivu, alisema ndiyo kwanza, halafu ndipo akaanza kuitafuta. Kwa mtindo huo aliwahi kumuuzia sinki mtu aliyeingia dukani kuuliza njia. Na kwa mtindo huo alikuwa amemlea Pingamizi na kumsaidia dada yake, mama wa binti huyo, tangu baba alipofariki. Kila walipomwomba kitu alisema ndiyo. Hakuna siku aliyowaambia atafikiria.

Lakini safari hii neno ndiyo halikuwa lake kulitoa.

Ofa zilikuwa mbili, na Pingamizi alizibeba kichwani wiki nzima. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni kubwa iliyochukua ghorofa nzima katikati ya mji: mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, kisha akimaliza chuo, mafunzo kamili ya uwakili na mshahara juu. Zulia lao lilikuwa nene, hata kiatu kipya hakikusikika. Siku waombaji walipotembezwa, kijana aliyewaongoza, aliyekuwa akifanya mafunzo ya uwakili pale, aliwaonyesha kikombe chake chenye jina lake. Pingamizi akamuuliza, "Wateja mnakutana nao lini?"

Kijana akacheka. "Wateja? Mimi nasoma mikataba ya mikopo. Naangalia kama tarehe za mwanzo zinalingana na za mwisho."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipewe kitu kingine," akasema, na hakuonekana kuumia hata kidogo.

Ofa ya pili ilitoka kwenye vyumba viwili juu ya duka la dawa, kwa wakili mama ambaye wateja walimwita Mama Haraka, kwa utani, kwa sababu haraka hakuwa nayo kabisa. Alitetea watu waliofukuzwa kazi. Na alikuwa na utaratibu wake ambao mawakili wenzake waliucheka: mteja akishaeleza shauri lake, mwanafunzi alipaswa kumsimulia mteja shauri hilo hilo, uso kwa uso, mpaka mteja mwenyewe aseme ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya hapo haikuandikwa hata nukta.

Pingamizi alijaribiwa hivyo siku ya usaili. Alikalishwa mbele ya mpishi wa shule aliyeachishwa kazi kwa kusingiziwa wizi wa mafuta ya kupikia. Akamsikiliza, kisha akaanza kumrudishia kwa ufasaha wote aliofundishwa chuoni, mikono ikicheza. "Ukatoka pale jikoni unalia, hujui uende wapi..."

"Nani kalia?" mpishi akamkata. "Mimi sikulia. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka mezani. Na kwangu nakujua, nilikwenda moja kwa moja."

Mama Haraka alimwonyesha tu kwa kidole aanze upya. Pingamizi akaanza upya, akakosolewa, akaanza tena. Mikono ikatulia, maneno makubwa yakapungua. Mwishoni mpishi akaegemea kiti na kusema, "Eeh. Sasa huyo ni mimi." Pingamizi alishuka ngazi za duka la dawa mbili mbili kwa furaha. Hakuwahi kutaka kitu maishani mwake kama alivyoitaka kazi ile.

Mama Haraka alimpa nafasi, moja tu aliyokuwa nayo, na akamwambia amjibu wiki hiyo. Mafunzo ya uwakili baadaye hakumuahidi; alisema wataona. Kwa hiyo ghorofani palikuwa na uhakika, juu ya duka la dawa palikuwa na labda, na Pingamizi alikuwa ameshakata shauri kwenda na labda. Alingoja tu amalize mtihani ili akaseme kwa mdomo wake, kwa heshima. Hilo ndilo kosa lake, kama unataka kumtafutia kosa.

Maana chuo nacho kilikuwa na sheria yake: mwanafunzi mmoja, nafasi moja. Kampuni ikishatoa taarifa kwamba mwanafunzi amekubali, karani wa nafasi za mafunzo aliwapigia wengine wote kuwaambia wasimngoje. Makarani wengi huchelewesha kazi. Huyu, siku hiyo, alikuwa moto.

Pingamizi alifika kwa Mama Haraka akihema. Akaeleza yote: mtihani, simu, Mjomba, marumaru.

"Shikamoo hujasema," Mama Haraka akamwambia.

"Shikamoo, mama. Samahani."

"Marahaba. Keti." Akavua miwani. "Chuo wamenipigia, wakaniambia umekwenda kule. Nikampigia mwenzako aliyekufuata kwenye orodha. Amekubali, amelia kwenye simu kwa furaha. Ataanza."

"Lakini mimi sikukubali! Mjomba hana mamlaka ya kunisemea, hata kisheria..."

"Najua. Nakuamini. Na nimekasirika, kwa sababu nilikutaka wewe." Alilisema wazi, bila kulipaka asali. "Lakini nikimwondoa yule binti kesho bila kosa lolote, nitasimamaje mahakamani kumtetea mpishi?"

Pingamizi akaushusha mkono aliokuwa ameshauinua kupinga.

"Kule wana kazi nzuri," Mama Haraka akaongeza, taratibu kama kawaida yake. "Nenda. Hakuna atakayekulaumu."

Nyumbani Mjomba alikuwa ameshaleta kreti ya soda. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa ameisimamisha mashine yake katikati ya kazi, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni. Pingamizi hakunywa soda.

"Mjomba, umenifanyia nini?"

"Nimekufungulia mlango!"

"Nani alikutuma uufungue?"

"Angalia mdomo wako," mama akasema.

"Mwache aseme," Mjomba akasema, ingawa uso ulikuwa umemshuka. "Mimi nilidhani... Wale watu wanaongea kama hawatarudia, mpwa wangu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ngoja, amekwenda. Nilidhani nakuokoa."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Pingamizi zaidi. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Alimpenda mjomba wake na alitamani kumrushia chupa ya soda, vyote kwa pamoja.

Mama akaikanyaga mashine mara moja, akaiacha. "Sikia, mwanangu. Kule kwingine kumeshapotea, si ndiyo? Basi usijipalie makaa. Kesho nenda kasaini. Hiyo hasira utaimeza, sisi wengine tumemeza kubwa zaidi."

Asubuhi Mjomba aling'ang'ania kumsindikiza. Alivaa suti aliyoolea, ambayo siku hizi ilifungwa kifungo kimoja tu, na kwenye lifti alimsalimia kila aliyeingia. Mkuu wa utumishi wa kampuni, mwanaume mwenye sauti laini na kucha zilizosuguliwa, aliwapokea wote wawili kwa mkono. Mkataba ulikuwa tayari mezani, kalamu juu yake.

Pingamizi akausoma. Mjomba akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika kila ukurasa ulipogeuzwa. Katika mstari wa kwanza kabisa iliandikwa kwamba amekwisha kukubali nafasi hiyo kwa njia ya simu.

"Hili si kweli," akasema. "Mimi sikukubali kwa simu. Nilikuwa kwenye mtihani."

"Ah, hiyo ni lugha tu ya maandishi," mkuu wa utumishi akatabasamu. "Mzee wako alikubali kwa niaba yako. Lakini kama inakusumbua, tunaifuta." Akaipiga mstari kwa kalamu, akaweka sahihi ndogo pembeni, akamsogezea karatasi. "Haya. Tumemalizana?"

"Bado hamjaniuliza."

"Kukuuliza nini?"

"Kama nataka."

Mjomba akakohoa. Mkuu wa utumishi akaangalia saa, kisha akacheka kidogo, kama mtu mzima anayekubali kucheza na mtoto ili wamalize. "Sawa, mwanasheria. Nakuuliza rasmi. Unaikubali nafasi hii?"

Sijui wewe ungejibu nini. Watu wengi wenye busara wangesaini, na wangelala vizuri. Pingamizi alikuwa hana mahali pengine pa kwenda, hilo alilijua barabara. Aliwaza mkopo wa chuo, aliwaza mama na mashine yake. Akamwaza pia yule kijana na kikombe chake, anayesubiri kupewa kitu kingine. Halafu akagundua kwamba wiki nzima watu wamemwambia kuhusu bahati yake, na huyu mtu wa kucha ndiye wa kwanza kumuuliza kama anaitaka, tena kwa mzaha.

"Hapana," akasema. "Asanteni. Siikubali."

Tabasamu la mkuu wa utumishi lilibaki mahali pake, ila macho yaliondoka. "Unafahamu kwamba majina ya wanaokataa huwa hatuyasahau? Mji huu ni mdogo, binti."

"Msilisahau. Na muwaambie chuo leo hii kwamba sikukubali, maana jana mliwaambia upesi sana."

Akasimama. Mjomba naye akasimama, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akampa yule bwana mkono, akauondoa kabla haujapokelewa, akamfuata mpwa wake nje.

Kwenye lifti hakumsalimia mtu. Walikuwa wamebaki wawili tu alipouliza.

"Kule kwa yule mama, pana nafasi tena?"

"Hapana, Mjomba."

"Na kwingine?"

"Hakuna. Kuanzia mchana huu natafuta upya. Nitagonga kila ofisi."

Alitarajia kugombezwa. Mjomba akajipangusa uso kwa kitambaa, mzee ghafla ndani ya suti ile, na akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kwa woga kidogo na heshima ndani yake.

"Mama yako atauliza," akasema. "Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, Mjomba," Pingamizi akajibu. "Nitasema mwenyewe."