Pole au Samahani

Bado naikumbuka sauti ya taratibu ya mkalimani wetu wa mashamba ya karanga, Nachingwea. Msimamizi wa Kizungu akisema "sori," yeye alijikuna kidevu kwanza. Kwa mgonjwa alitafsiri "pole", kwa aliyekanyagwa mguu, "samahani." Siku trekta lilipofukua kaburi la mama yake Mwantumu, kibarua mwenzetu, msimamizi alisema "sori" akageuka aende zake. Mkalimani akamzuia, wakasemezana Kiingereza. Msimamizi akavua kofia.

"Dada, anaomba radhi," mkalimani akasema.

"Basi ashike jembe," Mwantumu akajibu.

Msimamizi akalishika. Mkalimani alipiga magoti upande wa pili, akisawazisha udongo kwa viganja, na hakutafsiri neno lolote mpaka tulipomaliza dua.