Katuni za Miraji Zafika Nguvumali

Miraji wa Chumbageni ni fundi redio, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeleta redio, ana muda wa kutosha kufanya alilozaliwa kulifanya: kukusanya vitabu vya katuni. Anavyo mia tatu na ushei. Mke hana. Kila aliyepelekewa habari zake aliuliza, "Ana nini?" akaambiwa, akaaga.

Vya kufa navyo ni kumi na viwili, vinavyoeleza kwa michoro jinsi sinema ilivyoanza, watu walipozungusha picha kwa mkono mpaka farasi wa wino akakimbia. Hiyo habari humweleza kila mtu. Muuza kahawa akimwona tu anakuja, anakumbuka kwamba ana mgonjwa.

Basi Yasini, mtoto wa dada yake Zuleha, wote wakiishi nyumba moja, akamchumbia Nasra wa Nguvumali. Siku ya kupeleka sanduku la nguo za bibi harusi nyumba ilijaa, na Miraji akaogopa vidole vya wageni. Akalitia kufuli sanduku lake la bati la katuni, akalifunika leso mpya, akaenda msikitini moyo umetulia.

Akili nyingi huondoa maarifa. Sanduku la bati, kufuli, leso mpya: wanawake wangedhani nini? Wakajitwika hilo kwa ngoma na vigelegele hadi Nguvumali.

Miraji aliporudi akakuta la bibi harusi limekaa kimya linamtazama. Akatoka mbio, kanzu kaishika mkononi.

Alifika kufuli limeshavunjwa. Bi Sabiha, shangazi wa Nasra, alikuwa akiinua katuni moja moja mbele ya wanawake kama anayeonyesha vitenge.

"Hii doti gani, Bi Zuleha? Ya kuvaa au ya kusoma?"

Zuleha, ambaye ulimi wake wajulikana hadi Pongwe, alikuwa akitazama mkeka.

"Samahani, kina mama," Miraji akasema nyuma ya pazia la mlango. "Hilo langu. La kwenu laja."

"Sanduku likishafunguliwa mbele ya watu ni la bibi harusi. Au mwachukua karatasi zenu, nasi twabaki na binti yetu?" akauliza Bi Sabiha.

Jibu lilikuwa rahisi. Miraji akafikiri. Akaendelea kufikiri, mpaka Zuleha akainua kichwa.

"Miraji. Wafikiri nini?"

"Haya, chukueni," akasema, kama mtu anayetoa figo.

Nasra, aliyekuwa ameshapelekewa kitabu kimoja, akaita kutoka chumba cha ndani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Hapa wameandika sinema za mwanzo hazikuwa na sauti. Sasa asiyejua kusoma alijuaje nani anamtukana nani?"

Miaka thelathini Miraji alikuwa akilingoja swali hilo. Akaketi kizingitini, akaeleza jinsi mahali pengine mtu alivyosimama kando ya kitambaa cha sinema akawasemea wote, wanaume kwa wanawake, mpaka na mbwa. Pilau ikapoa. Aliyewanyamazisha wengine ni Bi Sabiha.

Harusi ilipokwisha, Nasra akahamia kwa mumewe Chumbageni na masanduku yake mawili, kama ada itakavyo. La katuni likawekwa chumbani kwake, hatua sita kutoka lilipokuwa zamani.

Kila baada ya alasiri Miraji hupiga hodi. Nasra humpa kitabu kimoja, na hampi kingine hadi arudishe cha jana. Tena humkagua mikono kwanza.