Shikamoo kwa Mzee wa Kwenye Kioo

Kwa nini mashine imkumbuke aliyesalimia na kumsahau asiyesalimia? Nilikuwa darasa la sita, nikijiona mtu wa akili. Nilimpelekea swali hilo mwalimu wetu wa sayansi. Alinitazama, akasema mashine haina adabu wala utovu wa adabu, kisha akanirudisha kwenye zoezi la mzunguko wa maji.

Mashine niliyokuwa nauliza habari zake ilikuwa nyumbani kwa nesi wa zahanati ya kijijini kwetu, Nangwa. Nesi alikuwa ameletwa kwetu akitokea Morogoro, na binti yake, rafiki yangu, alikaa dawati moja na mimi. Wazazi wetu walikuwa bado wanasimulia miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Sisi tulikua wakati maduka ya Arusha yamejaa kila kitu kutoka China, na kutoka duka mojawapo mjomba wa rafiki yangu alimletea mashine ya gemu yenye pedi mbili na kaseti moja. Mjomba hakuuliza kaseti ile ina nini ndani. Juu yake palichorwa kijana mwenye upanga, na pembeni maandishi ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Yalifanana na vijiti vya kuni vilivyoanguka kutoka kichwani kwa mtu.

Ukiiwasha, kijana yule alikuwa na ukubwa wa punje ya harage. Alitembea kutoka kijiji hadi kijiji, akapita misituni, akapigana na wanyama waliotokea ghafla. Ukisimama mbele ya mtu na kubonyeza kitufe, mtu huyo aliongea: maandishi yalijaa sehemu ya chini ya kioo, vijiti juu ya vijiti. Hatukuelewa hata neno moja. Tulijua tu kwamba mbali kule, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa na ngome nyeusi, na kwamba kila kitu kilielekea huko.

Televisheni ilikuwa ya chogo, nyeusi na nyeupe, na umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa Katesh kuchajiwa. Televisheni haikuzimika ghafla. Picha ilianza kusinyaa pembeni, kijana wetu akawa mwembamba, kisha giza.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, na mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mama alisema gemu hatalikataza, ila mahindi hayajipukuchui. Basi mimi na mdogo wangu tulibeba nusu gunia la magunzi yenye mahindi yake hadi kwa nesi, tukapukuchua hukohuko sebuleni. Mmoja alishika pedi, wawili walipukuchua. Beseni likijaa, zamu imekwisha, unakabidhi pedi unashika gunzi. Sijawahi kuona mahindi yakipukuchuliwa kwa kasi ile. Mama alipoona vidole vyetu vina malengelenge alidhani tumepata moyo wa kazi.

Mwanzoni mwa gemu palikuwa na mistari mitatu ya kuchagua, kila mmoja ukiwa na safari yake, nasi tulikuwa watatu, kwa hiyo kila mmoja alichukua wake. Wa juu ulikuwa wa rafiki yangu mwenye mashine, wa katikati wangu, wa chini wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu. Alikuwa amelelewa miaka kadhaa na bibi yetu huko Gendabi, na kwa bibi huwezi kuingia kwenye boma la watu ukaanza kuuliza njia kabla hujamsalimia mkubwa wa pale. Alipoingia kijiji cha kwanza kwenye kioo, hakwenda dukani wala msituni. Alimtafuta mtu mwenye ndevu nyeupe na fimbo, akasimama mbele yake.

“Shikamoo babu,” alisema kwa sauti, kisha akabonyeza kitufe.

Mzee akaanza kuongea. Rafiki yangu akatupa gunzi akacheka.

“Sasa amekuitikia?”

“Anaongea. Subiri.”

“Bonyeza hapo umkate, anakumalizia beseni.”

“Mtu mzima huwezi kumkata.”

Alibonyeza polepole kila ukurasa wa vijiti, kila palipotokea mshale wa kuchagua akakubali, hadi mzee alipomaliza mwenyewe. Mwishoni ulisikika mlio mdogo, kama kijiko kimegonga kikombe.

“Umesikia? Ameitikia.”

Nilimwambia zile ni taa ndogondogo zinazowaka na kuzima, kwamba hakuna mzee pale. Alinijibu kwamba hata redioni hakuna mtu, lakini baba akisikia taarifa ya msiba anavua kofia. Nikaendelea kupukuchua.

Mimi nilicheza kwa namna yangu. Wazee niliwapita. Akinisimamisha mtu nilimkatisha kwa kitufe cha pili na kuingia msituni, na kwa kupigana hakuna aliyenifikia. Siku hiyo nilivuka vijiji vitatu wakati mdogo wangu bado anaagana na watu katika kijiji cha pili. Kisha picha ikasinyaa, betri ikaenda Katesh.

Iliporudi, mstari wangu ulikuwa mtupu. Wa rafiki yangu pia ulikuwa mtupu. Mstari wa mdogo wangu ulikuwepo wote, na kijana wake alisimama kijiji cha pili, mbele ya mzee, kama vile hakuna kilichotokea.

“Umetuibia,” rafiki yangu alisema.

“Mimi nimesalimia tu.”

Ilitokea tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Siku moja nilisalimia vikongwe wawili wanawake na kumwacha mzee: mstari ukapotea, na mdogo wangu akachukia kwamba bibi wa watu nao wamesalimiwa bure. Siku nyingine nilisimama mbele ya mzee nikamkata katikati: ukapotea. Siku ya tatu nilimsikiliza mpaka mwisho, bila kutamka shikamoo, kwa sababu nilitaka kujua kama ni neno au ni kitufe. Mstari ulibaki. Nilimwonyesha mdogo wangu daftari kwa ushindi.

“Ulimsikiliza mpaka mwisho,” alisema. “Ndiyo kusalimia kwenyewe.”

Nilijua sasa kinachotakiwa kufanywa, lakini kwa nini, sikujua. Shule ilipofunguliwa ndipo nilipompelekea mwalimu swali langu.

Barua ya nesi ilikuja wiki hiyohiyo, wakati gemu limebaki la Jumamosi tu. Mkoa wetu ulikuwa mpya, umetoka tu kukatwa kutoka Arusha, makao makuu yakawekwa Babati, na watumishi walikuwa wanahamishwahamishwa. Nesi alitakiwa kuripoti Babati mwanzoni mwa mwezi. Rafiki yangu alitueleza hayo akiwa ameshika gunzi ambalo lilikuwa limeshaisha punje, anaendelea kulipapasa.

“Na gemu?” mdogo wangu aliuliza.

“Gemu ni la kwetu. Linaenda na sisi.”

Tulihesabu Jumamosi zilizobaki. Zilikuwa mbili, na siku ya kuhama yenyewe. Mstari uliofika mbali kuliko yote ulikuwa wa mdogo wangu: kijana wake alishafika kijiji cha mwisho kabla ya ziwa, ana upanga mzuri na ngao. Tatizo ni kwamba mdogo wangu aliogopa vita. Mnyama mkubwa akitokea, alifumba macho na kunyoosha pedi kwa yeyote aliye karibu. Mimi nilijua kupigana lakini sikuwa na mstari wa maana. Rafiki yangu alitaka kitu kimoja tu, kuuona mwisho akiwa na sisi. Alisema hivyo wazi, bila kuona haya. Babati hakuwa na mtu hata mmoja anayemjua, na alisema akiuona mwisho huko peke yake hatakuwa na wa kumsimulia.

“Nipe mstari wako,” nilimwambia mdogo wangu.

Alimalizia kwanza gunzi lake. “Nakupa. Lakini kila kijiji unasalimia. Na unatamka.”

“Nimeshakuonyesha kwenye daftari kwamba kutamka hakuna kazi.”

“Basi baki na daftari.”

Nikakubali. Jumamosi mbili zile nilicheza kwa mstari wa mdogo wangu, na kila nilipofika mahali penye mtu mwenye fimbo nilisema shikamoo babu, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mdogo wangu alikataa za kunong'ona. Rafiki yangu alipukuchua zamu zangu na zake. Tuliingia ngomeni mara nne, tukauawa mara nne. Kila mara tulijikuta tumerudi mbele ya mzee wa ukingoni mwa ziwa, na si mwanzo kabisa wa safari. Nilianza kumpenda mzee yule, ingawa nisingekiri.

Siku ya kuhama tulifika asubuhi na mapema. Lori lilitarajiwa saa mbili. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa, vyombo vimefungwa kwenye shuka. Tulimsalimia nesi, akaitikia huku akizungusha kamba kwenye godoro. Televisheni peke yake ilikuwa bado juu ya meza.

“Hiyo itapanda mwisho,” alisema. “Lori likifika mnazima. Sitaki vilio.”

Saa mbili ikafika, lori hakuna. Saa nne, hakuna. Nesi alitoka nje mara kwa mara, akatazama barabara ya Katesh, akarudi akilalamika kwamba madereva wa huku hawajui saa. Kila aliposema hivyo niliongeza mwendo. Tuliingia ngomeni mara ya tano, nikauawa kwenye ngazi. Mara ya sita nilifika chumba cha mwisho. Mnyama wa mle ndani alijaza kioo chote, na mdogo wangu hakufumba macho. Alishika mkono wa rafiki yangu wakawa wanahesabu pamoja kila pigo.

“Rudi nyuma. Rudi. Sasa.”

“Usimsemeshe.”

“Dada, dawa. Kunywa dawa kwanza.”

Nikamnywesha kijana dawa. Nikapiga. Mnyama alitetemeka, akawa mweupe, akatoweka.

Kijana wetu mdogo alitoka ngomeni mwenyewe, bila mtu kubonyeza chochote, akavuka ziwa, akapita kila kijiji tulichopita, na watu wakatoka milangoni. Kisha maandishi yakaanza kupanda kutoka chini kwenda juu, mistari na mistari ya vijiti, na sisi tukakaa kwenye sakafu katikati ya magunzi tukiyasoma kana kwamba tunayajua. Rafiki yangu alisogeza kichwa akakiegemeza begani kwangu. Betri ilidumu. Nesi alisimama mlangoni na kamba mkononi.

Lori lilifika saa tisa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa chuo kikuu, katika chumba cha kompyuta, badala ya kusoma nilichotumwa kusoma. Nilipolitafuta gemu letu niliuona uso wa mzee yule kwenye mtandao, ndevu zilezile na fimbo ileile. Nilikaa sawa. Palikuwa na ukurasa ambao watu wa nchi mbalimbali walisimulia walivyokutana na gemu lile mara ya kwanza: mmoja alipewa na shangazi, mmoja alilikuta kwa jirani, mmoja aliugua akaletewa kitandani. Nilijua hapo kwamba kaseti yetu ilikuwa ya tatu katika mfululizo mrefu, kwamba yale maandishi yalikuwa Kijapani, na kwamba mzee alikuwa anamuuliza kila mpita njia kama angependa safari yake iandikwe kitabuni. Ukikubali na kumsikiliza mpaka mwisho, mashine inahifadhi ulipofika. Ukimkata, haihifadhi. Nilikuwa sahihi kuhusu kitufe. Mdogo wangu nilipompigia simu kumweleza, alisema yeye alishajua kwamba babu alikuwa anauliza habari za safari, wazee wote ndivyo wanavyouliza.

Niliandika na mimi hadithi yangu pale chini ya nyingine. Mtu mmoja alinijibu kwamba haiwezekani watoto wasiojua kusoma lugha ile wamalize gemu lile, labda tulikuwa na kitabu cha maelekezo. Nilimjibu kwa kirefu, na watu wengine wakaanza kuniuliza maswali, na kwa majuma kadhaa nilikuwa na marafiki ambao hawakujua wilaya yetu ya Hanang iko wapi lakini walijua kijiji cha ukingoni mwa ziwa, na ngazi niliyofia.

Mmoja aliyesoma hadithi ile alikuwa ni yeye, rafiki yangu wa dawati. Alikuwa anafanya kazi Dodoma, na alikuwa amelitafuta gemu kama nilivyolitafuta mimi. Tulikutana kwenye harusi yake. Nesi, ambaye sasa amestaafu, alinishika mkono nilipompa shikamoo, akaniuliza kama mahindi yetu bado yanapukuchuliwa kwa mkono. Halafu akaniambia kwamba siku ile ya kuhama lori lilifika saa mbili kamili, sisi tukiwa tumeinamia kioo, na kwamba yeye ndiye aliyetoka akamsimamisha dereva kule chini barabarani, akamwambia aende kwanza Basotu akanunue samaki, arudi saa tisa.