Posa Iliyokosa Maua

Alasiri, baba alipokuwa akitoka msikitini, nyumba yetu ya Dunda, Bagamoyo, ilinukia karafuu. Alikuwa akitia punje moja mdomoni, halafu anatembea uani kutoka kisimani hadi jikoni na kurudi, huku midomo ikimchezacheza. Mama aliendelea kuchambua mchele wake bila kuinua kichwa, maana alijua kuna mtu mahali fulani anataka mke. Kazi ya baba ilikuwa kuuza mbata, lakini watu walimjua zaidi kwa kusema posa. Walimfuata kutoka Kerege na hata ng'ambo ya mto Ruvu. Miaka ile, vita vya pili vya dunia vilipokuwa vimekwisha, kwetu pwani hakuna aliyeingia nyumba ya watu akasema anataka kuoa. Baba alianza na Mola, akaja kwa Mtume, akawasifu wenye nyumba na majirani zao, akamkaribia binti polepole kama mgeni mwenye adabu anavyoukaribia mlango. Binti mwenyewe alikaa ndani nyuma ya pazia, na watu wote walijua kwamba anasikiliza. Mimi nilikuwa mtoto wa kike wa kutumwatumwa, kwa hiyo nilisikia mengi, na nikaamini kwamba watu wazima wote husema hivyo wanapopenda.

Kaka yangu Athumani hakuamini. Alikuwa amesoma, akarudi Bagamoyo kuwa mwalimu, na kutoka huko alikosoma alileta neno moja la Kiingereza ambalo lilimkaa rohoni kama mwiba. Neno lenyewe ni florid. Siku moja alitueleza uani, mimi na mama, kwa sauti ya darasani: asili yake ni ua, na Waingereza hulitumia kwa uso uliowiva wekundu, tena hulitumia kwa maandishi au maneno yaliyorembwa kupita kiasi. Mama akasema kumbe ni sifa nzuri. Kaka akacheka bila furaha, akasema mtu akiambiwa hivyo hajasifiwa, ameonywa. Baadaye ndipo mama alipong'amua kwamba mwalimu Mzungu wa kaka alimwandikia neno hilo juu ya insha aliyoitungia jasho, akaisoma mbele ya wenzake wakacheka. Nadhani kaka aliisikia sauti ya baba ndani ya insha ile, akaionea haya.

Basi alipotaka kumwoa Zuhura, binti wa Mzee Mwinshehe, jirani yetu wa mtaa wa pili, alimwomba baba jambo ambalo hakuna mtoto aliyewahi kumwomba. Alimtaka aseme kwa ufupi. Baba aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, kisha akakubali, kwa kuwa alimpenda kuliko alivyoupenda ulimi wake. Siku ya posa wanaume walikaa ukumbini kwenye mikeka, kahawa ikamiminwa, haluwa ikapitishwa. Mimi nilikuwa ndani na shangazi yangu, nimekaa karibu kabisa na Zuhura. Alikuwa amejifunika ushungi na kuinamisha kichwa, masikio yote yako kwenye pazia. Baba akasema, "Mwanangu Athumani anamtaka binti yenu Zuhura. Tumekuja kuomba." Akanyamaza. Wenyeji walidhani anavuta pumzi, wakangoja. Kahawa ilikuwa bado inatoa moshi. Mzee Mwinshehe akajibu kwamba wamesikia, na Zuhura akavuta ushungi ukamfunika uso, nami niliona mabega yake yakitikisika.

Jibu lililetwa na somo yake Zuhura, mwanamke aliyemfunda unyagoni. Hakukaa wala hakunywa maji. Alisema, "Binti anasema yeye bado hajaposwa." Kisha akaongeza kwamba kuna watu wa Pangani, wenye vyombo vya baharini, nao wanatarajiwa kabla ya Ramadhani. Kaka alikonda. Yeye aliyejua kuwafundisha watoto kanuni za sarufi alikuwa akikaa barazani bila kuitikia salamu, na mimi nilimwonea huruma hadi nikashindwa kula. Mwishowe akaenda kumpigia magoti baba, akamwomba arudi akaseme anavyojua yeye. Baba akamuuliza, "Nikaseme nini? Unajua nini juu ya huyo binti?" Kaka akasema ni mzuri, ana heshima. Baba akamwambia hayo husemwa juu ya binti yeyote, na kwamba yeye hajawahi kusema jambo ambalo halipo. Kabla ya kila posa huuliza kwanza, ndipo hutafuta maneno.

Wakaulizia, kaka akimtumia shangazi. Ndipo tukajua kwamba nyanya yake Zuhura, yule bibi aliyekuwa akikaa mlangoni kila asubuhi, alikuwa kipofu kwa miaka mingi. Zuhura alikaa nyuma yake akisuka ukili, akimnong'oneza jina la kila aliyepita, ili bibi awahi kumwita mtu kwa jina lake na asionekane kwamba haoni. Yule bibi alikuwa akimwita kaka pia, kila siku aendapo shuleni.

Baba aliposema mara ya pili, kahawa ilipoa vikombeni. Kwa maneno yake alimleta yule bibi mlangoni, akawapitisha watu wa mtaa mmoja mmoja, kila mmoja akiitwa kwa jina, na ukumbini wazee wakaanza kufuta macho kwa ncha za vilemba, maana hakuna aliyekuwa amejua. Kisha akasema, "Na mwanangu aliitwa kila asubuhi kwa sauti ya bibi, asijue aliyemwita." Zuhura alinishika mkono akaubana hadi ukaniuma, nami sikuuondoa. Watu wa Pangani hawakupata nafasi.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kila nilipofika kwenye neno lile nilisita. Waingereza hawakukosea, yapo maua yanayobandikwa pasipo na kitu. Lakini mimi niliolewa baba akiwa ameshafariki, na wasemaji wa namna yake wamekwisha. Msemaji wa upande wa mume alimaliza upesi, nami nilibaki nyuma ya pazia nikingoja, na kungoja kule kuliniuma kwa muda mrefu. Mwaka huu mjukuu wangu ameposwa, Dar es Salaam. Kijana aliyesemea upande wa mume alikuwa na suti nzuri, akasema tusipotezeane muda, na kweli hakuupoteza. Wageni walipoondoka nilimkuta mjukuu wangu chumbani, bado amejifunika ushungi. Akaniuliza, "Bibi, ndiyo wamemaliza?" Nikafunga mlango, nikakaa karibu naye kitandani, nikaanza kumwambia yeye ni nani.