Madame Victorine Amtukana Marehemu

Madame Victorine Musonda alipoteuliwa kuwa mshauri wa watoto katika shule yetu ya msingi, hapa Katuba, alipewa chumba cha mifagio. Mifagio haikuhama. Ikaingizwa meza, vikaingizwa viti viwili, na karatasi ikabandikwa mlangoni: CONSEILLÈRE. Mimi nafundisha darasa la nne upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ni ubao mwembamba tu, kwa hiyo siri zote za watoto wa shule hii ninazo, na wala sikuziomba.

Alikuwa na cheti cha mafunzo ya siku tatu yaliyofanyika katika ukumbi wa parokia. Huko walifundishwa kumsikiliza mtoto, kumtazama kwa upole, na kujaza fishi, yaani fomu, yenye maswali arobaini. Victorine alikula biskuti zao, akapiga nao picha, akarudi na fishi mia mbili ambazo Mama Mutale, muuza vitumbula wa getini, alizitumia kufungia bidhaa yake mpaka zikaisha.

"Mutoto mwenye njaa hauwezi kumuuliza maswali makumi ine," alisema. "Atakuuma."

Na wa kuuma tulikuwa naye. Guelord wa darasa la pili alikuwa ameshauma wenzake sita na mwalimu mmoja. Victorine alimpa kazi ya kuonja vitumbula vya Mama Mutale kila asubuhi kabla ya kengele, aseme kama vimeiva. Baada ya wiki moja Guelord akaacha nyama ya watu. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe ni mwongo. Victorine akamwomba kwa adabu amweleze wiki ile nzima yeye mwenyewe alilala wapi, na yule baba akaondoka bila kumaliza chai.

Ana miaka hamsini na minne, mnene, sauti imekwaruzwa na chaki ya miaka ishirini na miwili aliyofundisha Kambove. Hakuna aliyesalimika na ulimi wake. Alimwambia hata padri kwamba mahubiri yake yanamfaa sana, kwani nyumbani huwa hapati usingizi. Alipomzika mumewe, wachimba kaburi walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Yeye mwenyewe hakudondosha chozi, na watu walisema mengi juu ya hilo. Mimi pia nilisema.

Lakini kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha, nalo ni swali lake la kwanza kwa kila mtoto: "Mama yako iko mwina nini?" Yaani, ni wa ukoo gani? Kwa watu wetu, mtoto huchukua ukoo wa mama, na kila ukoo una watani wake. Victorine ni wa ukoo wa Mbuzi. Watani wao ni ukoo wa Chui, na ukijua chui hula nini, utani wote umeshauelewa. Hawa wana ruhusa ya kutukanana hata kwenye kilio, tena hasa kwenye kilio, hata maiti akiwa bado ndani. Mfiwa akitukanwa na mtani wake hana budi kujibu, na akishajibu amerudi kwa walio hai. Hakuna anayekasirika. Ila ole wako umtukane hivyo marehemu asiye mtani wako.

Sasa, Dorine. Ana miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na kwa wiki tano alikuwa hajasema neno. Nkambo yake, yaani bibi mzaa mama, aliyemlea tangu akinyonya, alifariki. Familia, kwa huruma yao ya kijinga, ilimpeleka mtoto kwa shangazi, huko Kipushi, siku ileile ili asione jeneza. Aliporudi alikuta bibi keshazikwa na kitanda chake kimeshagawiwa. Tangu hapo hakusema, hakuandika, hata kitumbula hakugusa. Alikaa tu kwenye dawati lake, mikono mapajani, na ukimtazama sana ulitamani kutoka nje.

Mkuu wa shule, Madame Mujinga, ana ugonjwa wake, nao unaitwa asilimia mia. Kila mwaka darasa la sita lote lazima lifaulu mtihani wa taifa, asibaki hata mmoja. Orodha ya watahiniwa ilikuwa iende Ijumaa. Jumatatu alimwita Victorine barazani, na sote tukasikia.

"Madame Victorine, ule mutoto asiposema mbele ya vendredi, minamufuta ku liste. Atarudilia mwaka, na baba yake amutafutie masomo ingine."

"Madame Directrice, mutoto iko na kilio."

"Kilio ya wiki tano? Huku haiko makaburi."

Victorine akajaribu kila alichokuwa nacho. Jumanne alimsimulia Dorine vituko vyote vya Kambove, mpaka darasa langu likashindwa kufanya hesabu kwa kucheka. Dorine hakucheka. Jumatano alinyamaza naye saa nzima, na kwa Victorine kunyamaza saa nzima ni kufunga Kwaresima. Wapi. Na lile swali lake la kwanza halikuwa na wa kulijibu, maana wa kujibu ndiye huyohuyo bubu. Mama hayupo tangu zamani, wajomba hawafiki shuleni, na baba ni dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani Kasumbalesa na simu yake imezimwa.

Alhamisi asubuhi akamkamata Maître Zakari, mwalimu wa Dorine, ambaye ndiye aliyetuwakilisha kwenye msiba. Zakari ni kijana safi, suruali imenyooshwa, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema. Kwao ukoo ni wa baba na basi. Mambo yetu ya mbuzi na chui huyaona kama habari za bustani ya wanyama.

"Maître, ule nkambo ya Dorine alikuwa mwina nini?"

"Chui, Mama," akajibu bila kusita. "Nilibaona na macho yangu. Bena Chui balijaa pale. Njo bao balichimba kaburi, njo bao balipika bukari, banaamuru kila muntu, banatukana. Njo benye kilio kabisa."

Victorine akapiga makofi. Chui! Mtani wake! Siku mbili anabembeleza bure, kumbe dawa iko mdomoni mwake! Hakungoja. Alimchukua Dorine darasani kwa mkono, akafunga mlango wa chumba chake, na mimi, nikiwa na chaki hewani, nikasikia haya:

"Dorine! Miye niko mwina Mbuzi, unasikia? Donc amekufa, ule muzee ya meno? Asante Mungu! Alitumaliza! Alikula mama yangu, alikula shangazi yangu, alikula mpaka kamba yenye tulifungiwa! Sasa bambuzi tutalala muzuri. Balimuzika fasi gani? Nataka niende nicheze pale juu!"

Darasa langu zima likaacha kuandika. Kisha kiti kikaanguka upande ule, na ikasikika sauti ambayo sikuitambua, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia.

"Nkambo yangu haikuwa Chui!"

Kiti cha pili nacho kikakwaruza sakafu.

"Alikuwa mwina Mbuzi! Miye pia niko mwina Mbuzi! Weye unatukana muntu yako!"

Zakari aliona sawasawa, akaelewa kinyume. Kwenye msiba wa Mbuzi, wafiwa hawashiki jembe wala sufuria. Wanaochimba, wanaopika, wanaoamuru na kutukana ni Chui, watani wao. Ukiona Chui wamejaa, jua aliyekufa ni Mbuzi. Mtoto yeyote wa huko Kasenga, kwenye asili ya koo zetu, angekwambia hivyo, na Victorine anayajua haya kuliko sisi wote. Angesikia tu lile neno kwamba walichimba, angeshtuka. Hakusikia. Huyo ndiye mwanamke aliyefunzwa siku tatu nzima kusikiliza.

Na kosa lenyewe si dogo. Kwa hesabu yetu, mwanamke mzee wa ukoo wako ni mama yako, umjue usimjue. Victorine alikuwa ametangaza, mbele ya ukuta usioficha kitu, kwamba atacheza juu ya kaburi la mama yake.

Niliwaacha wanafunzi wangu nikakimbilia mlango wa pili. Victorine alikuwa amesimama, mdomo wazi. Dorine alikuwa amemnyooshea kidole, na maneno ya wiki tano yalimtoka yote kwa pamoja. Kwamba nkambo alikuwa akimsuka nywele kila Jumamosi. Kwamba alikuwa akimfichia mkia wa samaki, kwa sababu wajomba wanakula kama mchwa. Kwamba kitanda sasa anakilalia mjomba, na anakojoa.

"Balinifichia kilio yangu!" akapiga kelele. "Balisema nitaota mubaya! Sikumuona! Sikulia!"

Victorine akavua viatu. Kwetu mwanamke aliyefiwa hukaa chini, miguu imenyooshwa, nyayo wazi. Akajishusha polepole, akishikilia meza, mpaka mwili wote ule ukafika sakafuni.

"Mama yangu, unihurumie," alimwambia aliye udongoni. "Mama, sikukujua."

Kisha akalia. Si kulia kwa leso. Alilia kwa ile sauti iliyokwaruzwa, mdomo wazi, kamasi na yote, na sidhani alikuwa akimlilia bibi wa Dorine peke yake. Dorine naye akavua viatu vyake, akakaa, akamlalia begani, akalia kama mtoto anavyotakiwa kulia. Mimi ni wa ukoo wa Uyoga, hayanihusu kabisa, nami nikalia pale mlangoni.

Ndipo Madame Mujinga alipofika, orodha ya watahiniwa mkononi.

"Makelele gani hii? Bantu iko mu masomo! Madame Victorine, unafanya nini pale chini?"

Victorine aliendelea kulia. Nikafungua mdomo nimtetee, nikatanguliwa. Aliyeinua kichwa ni Dorine. Akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Madame Directrice, huku kuko kilio," akasema. "Hatuingiaka na biatu. Vua, uikale chini."

Madame Mujinga akaiweka orodha mezani. Kisha akainama, akavua kimoja, akavua cha pili, akakaa.