Nyuso Zisizokuwemo Kwenye Filamu

Ijumaa ile, baada ya swala, niliwasha jenereta kama kawaida. Banda la video lilikuwa langu, jirani na soko la samaki, kaskazini mwa mji wa Mocímboa da Praia. Mdogo wangu Sadiki alikaa kando ya televisheni akitafsiri, maana filamu zangu zilikuwa za vita vya zamani, na zote kwa lugha za watu.

Mambo ya filamu hizo yalikuwa yale yale. Mwenye bunduki ni mzungu, adui ni mgeni wa mbali, na mtu mweusi anabeba sanduku kichwani mpaka afe, jina lake halijatajwa. Sadiki alimbandika jina la kwetu papo hapo: "Huyu Saidi wa Diaca, masikini, kaenda!" Banda zima likacheka. Nami nilicheka, na kicheko kile kinaniudhi mpaka leo.

Asiyecheka alikuwa mzee Kazimiro, Mmakonde wa kule nyanda za juu, aliyepigania uhuru.

"Mimi nilishika bunduki," alisema. "Humo mnanitwika mizigo tu. Watoto wanajifunza nini?"

"Mzee, sinema tu hiyo," nikamjibu.

Mlio wa kwanza tulidhani ni wa filamu.

Risasi ya pili ilitoboa bati.

Kazimiro akachungulia. Wanaume sita walikuwa wanakuja, sare za jeshi mwilini, bunduki mikononi.

"Tazameni miguu," alinong'ona. "Wamevaa ndala. Si tropa, si askari wa serikali hao."

Lakini Sadiki alitazama nyuso. Adui aliyemzoea yeye, wa kwenye kioo, hakuwahi kufanana nasi.

"Dada, Ali yule! Ali wa Bi Zuhura kawa tropa! Wetu hao!"

Alisema kwa furaha. Wallahi, kwa furaha.

Akatoka, kainua mkono, anamwita Ali kwa jina.

Ali ndiye aliyefyatua.

Kazimiro alinivuta tukatokea nyuma, tukajificha mikokoni. Sadiki tulimzika siku ya tatu, hajaoshwa, sanda yake kanga yangu.

Watu hunituliza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nakubali. Lakini filamu si kazi ya Mungu. Kuna watu walikaa wakaamua nani apewe uso na nani apewe mzigo, na mimi nikaziweka filamu zao mbele ya ndugu yangu, wiki baada ya wiki, hata alipoonywa na mtu anayejua vita akaona mzee anaweweseka. Nina hasira nao. Nina hasira na nafsi yangu.

Sasa naishi kambi ya waliokimbia makwao, huku kusini. Bi Zuhura naye yumo, na bomba letu la maji ni moja. Ali aliuawa porini, hata kaburi lake mama yake halijui. Kila asubuhi ananianza kwa salamu, yeye aliye sawa na mama yangu. Kosa hana, najua. Najaza ndoo yangu, najitwika, naondoka. Bado sijamwitikia.