Nimemwamkia mzee nikiwa mtaroni

Jamaa wa Bujumbura, leo nimeponea chupuchupu!
(Hassani, ukishasoma barua hii ibandike ukutani hapo barazani, wote waione.)

Nilipanda pikipiki ya mjomba kutoka Singida mjini kwenda Ikungi.
Huku wanashika kushoto. Najua. Wiki nzima najiambia kushoto, kushoto.

Ng'ombe wakajaa barabarani. Nikasimama, wakapita.
Nikaondoka nimeshika kulia, kama nyumbani.

Lori hilo, linanijia!

Nikajitupa mtaroni. Pikipiki imenilalia mguu, wala sisikii maumivu. Sisikii kitu.

Lori likasimama. Juu yake familia nzima inahamishiwa kijiji cha Ujamaa, na vyungu vyao, na kuku, na nguzo za nyumba. Hakuna aliyepiga kelele. Wananitazama tu.

Mzee wao akashuka. Mdomo wangu ukatoa neno moja: "Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi, mwanangu?"

"Bujumbura. Kule tunashika kulia."

Akaniinulia pikipiki.

"Kwangu ni pale." Akaonyesha tembe la udongo lisilo na paa, nyuma ya lori. "Utazoea. Na sisi wametuambia tutazoea."

Nikawasha pikipiki, nikashika kushoto. Ninyi mngemjibu nini?